Kinachoua Miguu ya Mbele ya Land Cruiser

Land Cruiser ikikata kona kuingia gereji, fundi mzoefu hahitaji kuinuka alipokaa. Anasikia tak-tak-tak inayofuata mzunguko wa gurudumu, ikizidi usukani unapokatwa mpaka mwisho na kupotea gari linaponyooka, na hapo hapo anajua sivi jointi imeondoka. Likiingia jingine linalovuma mbele kadiri mwendo unavyoongezeka, mawazo yake yanakwenda kwenye beringi za habu au difu. La tatu linatoa kishindo kimoja chini ya sakafu kila dereva anapoachia klachi. Hiyo ni krosi ya propela. Magari matatu, na yote yanaumwa sehemu moja: kuanzia kwenye transfa kwenda mbele.

Ukimuuliza mwenye gari, atakujibu kwamba ni tope. Mimi naona tope linasingiziwa. Tope huwa laini, linateleza, na gari la fowili, yaani la kuendesha magurudumu yote manne, limetengenezwa kwa ajili yake. Sehemu kubwa ya uharibifu hutokea pale tope linapoisha, kwenye changarawe ngumu na kavu, wakati wenzo wa fowili bado uko pale ulipowekwa bondeni. Kinachobaki hufanywa na vumbi na grisi iliyosahaulika.

Kharumwa ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili. Ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita, mkoa ulioanza rasmi mwaka 2012 baada ya eneo hili kuwa miaka mingi chini ya Mwanza. Jirani yake iko Msalala na mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Kaskazini magharibi iko Geita yenyewe, ambako mgodi wa enzi za mkoloni ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966 na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Katikati ya wakubwa hao wapo wachimbaji wadogo na maduara yao ya kuchimbia, mialo ya kuoshea, makarasha ya kusagia mawe, na magari yanayowahudumia. Juu ya hayo kuna magari ya wagonjwa, ya halmashauri, ya chanjo, ya mashirika, na ya wafanyabiashara wa pamba na mpunga. Mengi ni Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile tunazoziita mkonga kwa ajili ya bomba lao la kuvutia hewa lililopanda pembeni ya kioo.

Ardhi yenyewe ndiyo inayomchanganya dereva. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alieleza katika miaka ya 1930 jinsi udongo wa nchi hizi unavyojipanga kwa utaratibu ule ule kilima baada ya kilima: mawe na udongo mwepesi juu, mchanga mteremkoni, na chini kabisa udongo mweusi mzito unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Wasukuma hawakuhitaji kuelezwa. Walikuwa na luseni yao ya mchanga, walikuwa na mbuga yao nyeusi, na walijua nini hupandwa wapi. Kwa dereva wa Novemba utaratibu huo una maana moja: ndani ya safari fupi atapita mchanga, changarawe iliyoshindiliwa, mbuga inayonata mpaka kwenye ekseli, kisha changarawe tena, kisha mbuga nyingine. Nani atakuwa na subira ya kubadilisha kila mara? Anaweka H4, yaani fowili ya mwendo wa kawaida, kwenye mbuga ya kwanza, anaiacha mpaka afike. Wengine huiweka mvua ya kwanza ya vuli ikianza, na kuitoa Mei.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo, maana bila kuelewa kinachotokea chini ya gari, ushauri wote wa fundi utaonekana ni kelele.

Katika gari la aina hii, ukiweka H4, transfa, yaani giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, huziunganisha propela mbili, ya mbele na ya nyuma, zikawa kama chuma kimoja. Zitazunguka kwa idadi ileile, zipende zisipende. Gari likienda moja kwa moja hakuna tatizo. Lakini gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Chukua mkonga yenye mita 3.18 kati ya ekseli na ekseli, ikikata kona ambayo ekseli ya nyuma inachora duara la nusu kipenyo cha mita 10. Ekseli ya mbele inachora duara la karibu mita 10.5. Kwa kona ya kawaida ya njia panda, yaani robo ya duara, nyuma inatembea mita 15.7 na mbele inatembea 16.5. Tofauti ni karibu sentimita 77, kwa kona moja.

Sentimita 77 hizo lazima zilipwe na kitu fulani. Kwenye tope au mchanga, tairi huteleza kidogo na deni linakwisha bila mtu kujua. Kwenye changarawe kavu iliyoshindiliwa, au lami, tairi halitaki kuteleza. Basi propela inajisokota, krosi zinabanwa, meno ya difu yanakamuana, sivi jointi inabeba mzigo huku imepinda, na mnyororo au gia za transfa zinavutwa huku na huku. Dereva anaona dalili: usukani unakuwa mzito, gari linakuwa kama limeshikwa breki, na akitaka kurudisha wenzo H2, yaani magurudumu mawili ya nyuma tu, wenzo unagoma. Wengi hapo huupiga kwa kiganja au kuukanyaga. Wenzo haujaharibika. Umebanwa na mvutano ambao haujapata pa kutokea. Nyoosha usukani, rudi nyuma mita chache taratibu, mvutano utalegea na wenzo utatoka wenyewe.

Sasa kuna jambo ambalo nimeona likiwachanganya hata madereva wa miaka mingi, nalo ni tofauti kati ya wenzo wa ndani na loki za habu za nje. Wenzo unaamua kama injini itasukuma mbele. Loki, ile sahani ndogo katikati ya gurudumu la mbele yenye maandishi LOCK na FREE, inaamua kama gurudumu limeshikana na shafti yake. Loki zikiwa FREE na wenzo ukiwa H2, gurudumu linazunguka peke yake juu ya beringi zake, na kila kilicho nyuma yake kimetulia: shafti, sivi jointi, difu, propela ya mbele. Loki zikiwa LOCK na wenzo ukiwa H2, vitu vyote hivyo vinazungushwa na magurudumu, lakini bila mzigo wa injini. Loki zikiwa LOCK na wenzo ukiwa H4, vinazunguka na vinabeba mzigo.

Hali hizo tatu zina gharama tofauti kabisa. Ya kwanza haina gharama ya siku kwa siku. Ya pili ina gharama ndogo: mafuta kidogo zaidi, mtetemo kidogo, oili sili na krosi zinazozunguka bila sababu. Ya tatu kwenye ardhi ngumu ndiyo inayoua. Kwa hiyo dereva wa Nyang'hwale wakati wa masika asijisumbue kushuka kwenye mvua kila mbuga inapoanza na kuisha. Afunge loki asubuhi, aziache zimefungwa siku nzima au wiki nzima ya mvua, na afanye kazi kwa wenzo: H4 anapoingia mbugani, H2 anapotoka. Loki zikishafungwa, wenzo wa H4 unaweza kuwekwa gari likitembea taratibu na limenyooka. Ni kazi ya mkono mmoja na sekunde mbili. Sioni sababu yoyote ya maana ya kutoifanya, na nimechoka kusikia ikiitwa usumbufu.

Loki zenyewe zina historia ya kueleweka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, jeep za jeshi ziliuzwa kwa raia wa Marekani kwa wingi, na wakulima waliozinunua wakakuta magurudumu ya mbele yanaburuza mitambo yote hata kwenye barabara nzuri. Mwaka 1948, karibu na mji wa Seattle, Arthur Warn na mkewe Sadie walianza biashara ya kutengeneza habu zinazoweza kutenganisha gurudumu na shafti. Kampuni yao, Warn, bado ipo. Toyota nayo ilianza gari lake la aina ya jeep mwaka 1951, na mfululizo wa 70 ulipotoka mwaka 1984 loki za mkono zilikuwa sehemu ya gari. Wazo lilitokana na shida ileile iliyopo mbele yetu: shamba lenye tope upande mmoja na barabara ngumu upande wa pili.

Ziheshimiwe basi. Zifungwe kwa vidole, gari likiwa limesimama. Zikigoma, sogeza gari nusu mita mbele au nyuma ili meno yakutane, usitafute koleo. Loki nyingi zilizovunjika ndani zilivunjwa na koleo. Na zote mbili, ya kushoto na ya kulia, ziwe katika hali moja. Nimeona gari lina LOCK kulia na FREE kushoto, kwa sababu kijana wa kuosha magari aligusa moja. Ukiweka H4 hivyo, nguvu ya mbele yote inakimbilia upande ulioachiwa, shafti inazunguka bure, gia ndogo za katikati ya difu zinakimbia kwa kasi ambayo hazikutengenezewa, na magurudumu ya mbele hayavuti kitu; ya nyuma yakiteleza, gari halisogei. Dereva anakanyaga mafuta zaidi akidhani amekwama. Kabla ya kuingia mbuga yoyote, zunguka gari uangalie pande zote mbili.

Kukanyaga mafuta kunanifikisha kwenye kifo cha ghafla cha sivi jointi. Kiungo hiki kina gololi sita za chuma ndani ya kikombe, nacho hupitisha nguvu hata gurudumu likiwa limepinda. Kadiri pembe inavyokuwa kubwa, ndivyo gololi zinavyobeba mzigo vibaya. Na L4, fowili ya mwendo wa polepole, huzidisha nguvu takriban mara mbili na nusu. Sasa fikiria gari limezama mbugani, usukani umekatwa mpaka mwisho kutafuta ukingo wa njia, L4 iko ndani, mguu sakafuni. Tairi limeshikwa na udongo mzito, halizunguki. Injini haitaki kukubali. Kinachokatika ni kilicho katikati yao. Nyoosha usukani kwanza. Chimba mbele ya magurudumu, weka mawe au matawi, ondoka taratibu. Dakika 20 za jembe ni rahisi kuliko kikombe cha sivi.

Baada ya mvua huja kiangazi, na kiangazi cha ukanda wa dhahabu kina vumbi la aina yake. Dhahabu ya huku mara nyingi hukaa kwenye mishipa ya mawe meupe ya kwatzi. Mchimbaji huyavunja, karasha huyasaga, na malori humwaga njiani unga wake. Kwatzi inakwaruza kioo, na inakwaruza chuma cha kawaida bila shida. Jiwe linalomlisha mchimbaji ndilo linalokula miguu ya gari lake. Tazama nyuma ya gurudumu la mbele la mkonga: kuna tufe la chuma, na linazungukwa na pete ya mpira na kitambaa kizito inayolifuta usukani unapokatwa. Pete hiyo ikikauka na kupasuka, unga wa mawe unaingia ndani kwenye grisi, na grisi inageuka kuwa kitu cha kusagia. Sivi jointi, beringi za juu na chini za kingpini, bushi ya shaba inayoshika shafti, vyote vinaoga humo.

Upande wa ndani kuna adui wa pili. Kuna oili sili inayotenganisha oili ya difu na grisi ya kwenye tufe. Ikichoka, oili inahamia kwenye tufe, inaifanya grisi kuwa uji, uji unavuja nje na kushika vumbi, na difu inabaki na oili pungufu bila mtu kujua. Ukiona tufe la gari lako limelowa na uchafu mweusi umeganda chini yake, hilo ni tangazo. Usilifute kwa tambara ukaendelea na safari za mwezi mzima. Fungua, osha, badilisha sili zote za upande huo kwa pamoja, na weka grisi ya kweli ya sivi, ile nyeusi yenye molibdeni, si grisi yoyote iliyobaki kwenye ndoo.

Niseme pia kuhusu nati ya beringi, maana imeniuma kuiona inavyotendwa. Nati kubwa inayokaza beringi za gurudumu la mbele la Land Cruiser inataka soketi ya milimita 54. Ni kifaa kimoja, cha bei ambayo gereji yoyote inaweza kuimudu, na bado sehemu nyingi nati hiyo hufunguliwa na kufungwa kwa patasi na nyundo. Kwa patasi huwezi kujua umekaza kiasi gani. Ikilegea, gurudumu linacheza, habu inayumba, sili inakufa mapema, na kila jiwe barabarani linagonga beringi. Ikikazwa mno, beringi inaungua. Anayesimamia magari ya taasisi yoyote katika ukanda huu aulize kwanza kama gereji ina soketi ya 54, kabla ya kuuliza bei ya ufundi.

Tuje kwa wale waangalifu, maana nao hukosea upande wa pili. Kuna dereva anayefungua loki Mei na kuzigusa tena Novemba. Miezi sita mitambo yake ya mbele imesimama pahali pamoja. Oili imeshuka chini ya difu, meno ya juu yamekauka, unyevu unaanza kutu, mpira wa sili umegandia kwenye shafti, na loki zenyewe zimeshikana ndani. Mvua ya kwanza anataka kufunga, hazifungi. Ndiyo maana vitabu vya Toyota humtaka mwenye gari la namna hii alitembeze katika fowili angalau kilomita 16 kila mwezi, ili mitambo ya mbele ipate mafuta. Huku kwetu hakuna shida ya kupata mahali pa kufanyia hivyo: chagua njia ya mchanga, iliyonyooka, funga loki, weka H4, nenda na urudi.

Matairi yanasahauliwa zaidi. Tairi la 7.50R16 likiwa jipya lina kipenyo cha karibu sentimita 80. Likilika sentimita moja ya kashata zake, mzingo wake unapungua zaidi ya sentimita sita, na kwa kila kilomita litazunguka mara 10 hivi zaidi ya lile jipya. Weka mapya nyuma na yaliyokwisha mbele, kisha uweke H4: hata kwenye njia iliyonyooka kama rula, mbele na nyuma zitakuwa zinagombana kwa tofauti ya mizunguko 10 ya gurudumu kila kilomita. Kuna watu wamebadilisha krosi mara kwa mara wakimlaumu muuza spea, na hawakuwahi kutazama matairi. Spea feki zipo, sikatai. Lakini hata krosi halali haiwezi kuishi hivyo. Zungusheni matairi yote manne pamoja, nunueni manne pamoja inapowezekana, na upepo uwe sawa kulingana na mzigo.

Kuhusu mito na madimbwi, maneno machache yanatosha. Difu iliyopata moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili au kitundu chake cha kupumulia. Baada ya kuvuka maji marefu, fungua kizibo cha difu uangalie. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo. Difu ya mbele inachukua takriban lita tatu tu.

Wenye Prado na Defender wasijione hawahusiki. Mengi ya magari hayo huendesha magurudumu yote manne wakati wote, na yana difu ya katikati inayolipa lile deni la kona bila ugomvi. Lakini yana loki ya difu ya katikati, na ukiifunga kwenye ardhi ngumu umejirudisha kulekule kwa H4. Tena mbele yake haipumziki kamwe, hivyo ratiba ya oili na krosi inapaswa kuwa kali kuliko ya mkonga.

Ninayosema hayana siri. Yako kwenye kitabu cha gari, ambacho mara nyingi kimefungiwa kabati la ofisi makao makuu, kwa Kiingereza, huku anayekihitaji yuko mbugani. Magari mengi ya ukanda huu hayaendeshwi na wenyewe. Dereva anapokea gari Jumatatu, mwingine Alhamisi. Mwenye kulipia spea hakuwahi kuona loki, na mwenye kuona loki hakuwahi kulipia spea. Gari la wagonjwa likikatika sivi jointi usiku wa mvua likiwa na mama mjamzito ndani, hakuna kati yao aliyepanga iwe hivyo. Lakini kama kwenye daftari la safari la gari hilo, ambamo kila dereva hulazimika kujaza kilomita za kuondoka na za kufika, kungekuwa na nafasi mbili zaidi, ya kilomita gari lilipowekwa H4 na ya kilomita lilipotolewa, meneja angeisoma miezi mitatu ya masika kwa jioni moja na kujua nani anaendesha na nani anabomoa. Kuchora mistari miwili kwenye daftari kunahitaji rula na kalamu, na Oktoba, kabla udongo mweusi haujaanza kunata, ni wakati wa kutosha wa kuichora.